Kifuniko cha Pikapu na Historia ya Waliokaa Nyuma

Nimekuwa kimya kwa wiki mbili hivi kwa sababu tulikuwa na msiba. Bibi yangu, mama yake mama, alitutoka na tukamzika kijijini upande wa Sengerema. Mliotuma pole, asanteni sana. Leo naandika kuhusu kitu kilichotukwamisha asubuhi ile nje ya chumba cha maiti hapa Mwanza, kitu ambacho sikuwahi kukifikiria hata siku moja: kifuniko cha nyuma ya pikapu.

Mjomba wangu ana Hilux ya milango minne, dabo kebini. Anauza vipuri mjini, na kila anaposimamisha gari lazima awaze vibaka. Basi akaagiza kile kifuniko kigumu cha kukunja. Kama hujakiona, ni vipande vitatu vya alumini nyeusi vilivyounganishwa kwa bawaba ndefu. Ukivilaza, bodi la nyuma linakuwa bapa kama meza. Ukitaka kupakia mzigo, unainua kipande cha nyuma, unakilaza juu ya cha katikati, kisha vyote viwili juu ya cha mbele, kama mtu anavyokunja gazeti. Ukifunga mlango wa nyuma kwa ufunguo, hakuna mkono unaoingia. Mjomba anakipenda kile kifuniko kuliko redio ya gari, na redio yenyewe si haba.

Sasa jeneza. Bodi la dabo kebini lina urefu wa mita moja na nusu hivi. Jeneza la mtu mzima linakaribia mita mbili. Kwa hiyo mlango wa nyuma ulishushwa na kifuniko kikakunjwa. Ila kifuniko cha namna hii kikikunjwa hakiondoki mahali pake. Vipande vyote vitatu vinalundikana mbele, nyuma kabisa ya kebini, usawa wa ukingo wa bodi. Jeneza likaingia, kichwa chake kikapita chini ya ule mlundo, na hapo nafasi yote ya kuegemea kebini ikawa imekwisha.

Mama mdogo alikuwa amesimama pembeni na mkeka wake kwapani. Akauliza taratibu, "Sasa sisi tunakaa wapi?"

Mjomba akamjibu kwamba kuna Coaster imekodiwa, ina viti vizuri, wanawake wote wapande humo.

"Na mama aende nyuma peke yake kama mzigo?"

Hakuna aliyejibu. Nawaambia ukweli, mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kuuliza maswali, lakini lile swali la kwanza la mama mdogo limenikaa kichwani mpaka leo. Tunakaa wapi? Nimeanza kusoma na kuuliza wazee, na nikagundua kwamba historia nzima ya vifuniko vya magari imezunguka swali hilohilo.

Tuanzie mbali kidogo. Kwa Kiingereza kifuniko hiki kinaitwa kwa jina lenye asili ya Kifaransa, tonneau, maana yake pipa. Pipa limeingiaje kwenye gari? Magari ya mwanzoni mwa karne ya 20 mengi hayakuwa na paa. Sehemu ya nyuma ya kukaa abiria ilijengwa kwa duara, ikafanana na pipa lililokatwa nusu, na kwenye magari mengi mlango wake ulikuwa nyuma kabisa. Mwenye gari alipokuwa peke yake, viti vya nyuma vilibaki wazi, vikanyeshewa na kujaa vumbi. Ikabuniwa ngozi au turubai la kufungia lile pipa kwa vifungo mpaka siku ya kupata abiria. Kwa hiyo kifuniko kilianza kazi yake kama kifuniko cha viti visivyo na watu. Mtu akija, kinafunguliwa. Hebu likumbuke hilo, nitalirudia.

Pikapu yenyewe ilikuja baadaye. Wakulima wa Marekani walikuwa wananunua gari dogo la Ford Model T na kulipachika sanduku la mbao nyuma wao wenyewe. Mwaka 1925 kampuni ya Ford ikaona isiwe taabu, ikaanza kuliuza likiwa na bodi la chuma tangu kiwandani, kwa dola 281. Kwa miongo mingi ile ilikuwa gari ya kazi: nyasi, maziwa, mbao, nguruwe. Ukitaka kufunika mzigo, unatupia turubai na kamba. Baadaye Mmarekani wa mjini naye akaanza kununua pikapu, akaifanya gari ya familia ya kwendea ofisini na dukani, na bodi likabaki tupu siku nyingi za wiki. Hapo ndipo biashara ya vifuniko ilipopamba moto: kwanza vya plastiki laini ya kubana kwa vifungo, kisha vya kujiviringisha, kisha hivi vigumu vya kukunja. Reli mbili za alumini hubanwa kwenye kingo za bodi kwa klampu bila kutoboa tundu hata moja. Vipande vina alumini au faibaglasi juu na povu gumu katikati ili viwe vyepesi. Pembeni kuna raba, na kwenye pembe za mbele kuna vibomba vya kutolea maji. Vingine watengenezaji husema vinahimili kilo 180 zikisambazwa sawasawa juu yake. Nilipouliza kilo zote hizo za nini, nikaambiwa: theluji.

Theluji! Hapa Mwanza.

Sasa turudi ziwani. Kwetu nyuma ya gari hapakuwahi kuwa tupu. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikawa inatoka vijijini kwa malori kuja kupakiwa kwenye mabehewa. Ushirika ulipokua, hadi kuundwa kwa muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria mwaka 1955, malori ya pamba yalikuwa sehemu ya mandhari ya kanda hii kama yalivyo mawe ya Bismarck pale ufukweni. Pamba haitaki mvua, hivyo lori lilihitaji turubai. Na juu ya turubai, juu ya marobota, walikaa watu. Wazee wa kijijini kwetu hawakumbuki lori lililoenda mjini bila abiria. Turubai lilifunika pamba, binadamu akafunika turubai.

Tena angalia neno lenyewe. Turubai ni la gari na ni la msiba. Kitambaa kilekile kilichofunika mzigo Jumatatu, Jumamosi kinafungwa kwenye miti uani ili waombolezaji wapate kivuli. Sijui kama kuna kifuniko kingine duniani kilichofanya kazi nyingi namna hiyo.

Pikapu zilipoanza kuonekana kwa wingi, Peugeot 404, Datsun, Toyota Stout na baadaye Hilux (Toyota walianza kuitoa mwaka 1968), zilikuta watu wana shida ya usafiri isiyo na mfano. Kenya waliliona mapema. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu magari madogo ya watu binafsi kubeba abiria bila ya zile leseni ngumu za mabasi, na matatu zikaota kama uyoga. Nyingi za mwanzo zilikuwa pikapu hasa. Fundi anachomelea bodi la bati juu, anapigilia benchi mbili za mbao ubavuni, abiria wanakaa wakitazamana magoti kwa magoti. Ukipanda huko Kisumu kwenda kusini mpaka Migori, unamjua jirani yako wa mbele kuliko unavyoijua barabara, maana dirisha ni tundu tu.

Upande wetu mambo yalikuwa tofauti kwenye karatasi tu. Serikali ilitaka usafiri wa abiria uwe wa umma. Dar es Salaam kulikuwa na UDA tangu 1974, na safari za mikoani zilikuwa na KAMATA, kampuni ya mabasi ya taifa. Mwenye pikapu hakupaswa kugeuza gari lake basi. Lakini basi lenyewe liko wapi? Mtu ana mgonjwa Magu, mwingine ana harusi Misungwi, mwingine anapeleka kuku mjini. Pikapu ikipita, mkono unanyooshwa. Mafundi wa hapa walipinda mabomba ya chuma yakawa kama mbavu za mtumbwi uliogeuzwa, wakayachomelea kwenye bodi, wakavuta turubai juu yake. Jua likiwa kali, turubai linakunjwa ubavuni na kufungwa kwa kamba ili upepo upite. Mvua ikija, linashushwa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kifuniko cha kukunja kimekuja juzi kwenye kontena. Kilikuwapo, tofauti ni kwamba kilikunjwa na abiria wenyewe, wakiwa ndani yake.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Mwanza ikawa moja ya milango ya kupitishia askari na mizigo kuelekea magharibi ya ziwa. Serikali ilichukua magari ya watu binafsi kwa ajili ya vita, malori, mabasi na hata pikapu. Mwaka 1979 ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Amin ilijaribu kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Watoto wa Mwanza tumelelewa na hadithi hiyo, ila wachache huuliza magari yaliyochukuliwa yalirudi katika hali gani. Mzee mmoja jirani yetu anasema gari la ndugu yake lilirudi bila turubai, bila benchi na bila maelezo.

Baada ya vita uchumi ulikuwa hoi, na hapa turubai likapata kazi nyingine: kuficha. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu mwanzoni mwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Maduka yetu hayakuwa na sabuni, dawa ya meno wala khanga. Kenya vilikuwapo. Unadhani mtu wa Tarime au Musoma angefanya nini? Vitu vilipita kwa mitumbwi usiku na kwa magari alfajiri. Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na sheria maalumu ikapitishwa mwaka huohuo. Mama yangu alikuwa msichana wakati huo. Anakumbuka safari moja wakiwa nyuma ya pikapu, askari wakafungua kamba za turubai moja baada ya nyingine, abiria wote wametulia kimya, na mwanamke mmoja mnene aliyekuwa amekalia gunia aliloapa kuwa ni la mihogo. Askari akamtazama, akatazama gunia, akashusha turubai. Mama hajui mpaka leo kulikuwa na nini mle. Anachokumbuka ni kwamba gari lilipoondoka, watu wote walianza kucheka kwa mpigo, hata wasiojuana.

Tukubaliane, turubai lilikuwa linaficha. Ila liliwaficha wote pamoja, mwenye mzigo na asiye na mzigo.

Bajeti ya Juni 1984 ndiyo iliyojaza pikapu nchini. Serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa, bila kuulizwa sana amezipata wapi. Miongoni mwa vitu watu walivyokimbilia kuingiza vilikuwa pikapu, kwa sababu pikapu ni kazi siku inayotoka bandarini. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na enzi ya ruksa ikaendelea. Dar es Salaam, ambako magari ya abiria ya watu binafsi yalikuwa yamekubaliwa tangu 1983 na kupewa jina la daladala, zikatamba zile pikapu zilizofungwa mabodi na kuitwa chai maharage. Nilivyosimuliwa, jina lilitokana na abiria kukaa wakitazamana kama walio mgahawani na sahani ya maharage katikati. Mwanza nazo zilikuwapo za aina hiyo, za kuelekea viunga vya mji na vijijini, mpaka Hiace za mitumba kutoka Japani zilipoingia miaka ya 1990 na kuzisukuma pembeni. Vipanya vikawa na viti vinavyotazama mbele, na nadhani hapo ndipo abiria wa Tanzania alipoanza kutazama kisogo cha mwenzake.

Pikapu ikarudi kwenye mizigo. Na mzigo mkubwa wa Mwanza wa miaka ile ulikuwa sangara. Viwanda vya minofu vilipoanza kujengwa mapema miaka ya 1990, mtu mwenye gari na barafu alikuwa mfalme. Samaki walipangwa na barafu, juu turubai, mwendo. Halafu Ulaya ikafunga soko, si mara moja: kati ya 1997 na 1999 samaki wa Ziwa Victoria walikutana na makatazo mfululizo, mara kwa sababu ya vimelea vya ugonjwa, mara kipindupindu, mara hofu ya sumu iliyotumika kuvulia. Usafi wa samaki tangu mwaloni hadi kiwandani ukawa habari ya kufa na kupona. Turubai la kamba halikutosha tena. Yakatakiwa masanduku na mabodi yaliyofungwa, yenye kuta nene za kuzuia joto. Nadhani ndiyo mara ya kwanza Mwanza kuona nyuma ya gari ikifungwa kwa kitu kigumu kwa sababu mtu wa mbali amesema ifungwe. Nenda Kirumba Mwaloni leo utaona zote mbili bado zipo: gari lililofungwa la samaki wa barafu, na pembeni yake gari la dagaa limejazwa hadi juu, turubai limevutwa, kamba zimekazwa, na vijana wawili wamelala juu wanasubiri safari.

Migodi nayo ilileta yake. Geita ilianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na barabara zikajaa pikapu mpya nyeupe zenye bendera ndefu ya antena na kofia ngumu ya faibaglasi nyuma. Polisi wao walikuwa na Land Rover Defender, hiyo difenda ambayo mtaani jina lake pekee linatosha kuvunja kijiwe. Nyuma yake kuna benchi na turubai, watu wanatazamana magoti kwa magoti kama kwenye chai maharage, ila hakuna anayechekeshana na mwenzake.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa mjomba na kifuniko chake cha alumini. Sitaki mseme namsema vibaya. Nimekichunguza kile kifuniko kwa muda na ni kitu kizuri. Madukani Marekani vya aina hiyo huuzwa kwa takriban dola 1,000, vingine chini ya hapo, vingine juu. Ongeza usafiri na ushuru, unaona mwenyewe. Udhaifu wake kwa mazingira yetu ni vumbi. Maji yanatolewa na vile vibomba vya pembeni, lakini vumbi la barabara ya kijijini linaingia kwenye upenyo wa mlango wa nyuma, na ukifungua unakuta boksi zote zimevaa sare moja. Udhaifu wa pili ni kimo: chochote kinachozidi ukingo wa bodi hakifungiki. Pikapu yenye kifuniko kilicholala haibebi gunia la mkaa lililosimama, haibebi kitanda, haibebi ng'ombe, na haibebi mtu.

Na hili la mtu halina jibu rahisi. Kukaa nyuma ya pikapu ni hatari. Nimewahi kuandika habari ya ajali ya gari la mizigo lililokuwa limebeba watu wa harusi, na kuna mambo niliyoyaona siku ile ambayo mhariri hakuyachapisha na mimi sitayaandika hapa. Tairi likipasuka, aliye nyuma hana mkanda, hana paa, hana kitu. Trafiki anayesimamisha gari la namna hiyo anafanya kazi yake. Tukihesabu kwa akili tu, kifuniko cha mjomba kimeokoa maisha bila yeye kujua, kwa sababu tangu akifunge hakuna aliyemwomba lifti ya nyuma. Wale wanafunzi waliokuwa wakimsubiri njia panda ya Buhongwa jioni sasa wanaona meza nyeusi inapita.

Ila kumbuka nilivyosema kuhusu lile pipa la Wafaransa. Kifuniko kilibuniwa kufunika viti ambavyo hakuna wa kuvikalia. Kwa mtu wa kule bodi lilikuwa tupu, akalifunika. Kwa mjomba halikuwa tupu. Lilikuwa na wanafunzi, lilikuwa na mama wadogo.

Basi, asubuhi ile. Mjomba alisimama muda mrefu ameshika funguo. Yule ni mwanaume wa maneno mengi, ila siku ile mama yake alikuwa amelala ndani ya sanduku na dada zake wote walikuwa wanamtazama. Mwisho akasema, "Leteni spana." Kumbe haihitaji hata spana. Klampu ziko chini ya kingo, mbili kila upande, unazilegeza kwa mkono. Mimi na binamu yangu tulikinyanyua chote kama kilivyo, hakikuwa kizito hata. Kikapandishwa juu ya Coaster na kufungwa kwa kamba pamoja na masufuria ya msibani na maturubai mawili ya kukodi.

Mama wadogo watatu na dada yangu mkubwa wakapanda nyuma. Wakatandika mkeka, wawili kila upande wa jeneza, migongo yao kwenye ubavu wa bodi, mkono mmoja wa kila mmoja juu ya mbao. Mjomba akaendesha taratibu, nadhani hatukuzidi kilomita 40 kwa saa mpaka Usagara. Nilikuwa mbele na kila nikigeuka niliona vitambaa vya kichwa kwenye kioo cha nyuma. Kigongo hatukusubiri kivuko. Daraja lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilomita tatu za zege juu ya maji hadi Busisi. Bibi alilala usiku kwenye foleni ya kile kivuko mara nyingi tu, na magunia yake. Tulipofika katikati ya daraja upepo wa ziwa ulikuwa mkali, na nyuma wakaanza kuimba. Mjomba akazima redio, ambayo kusema kweli haikuwa imewashwa, alibonyeza tu kitufe.

Tulizika saa nane mchana.

Kifuniko kilishushwa na masufuria, kikawekwa juu ya mawe nyuma ya jiko la bibi kisije kukanyagwa. Siku ya kuondoka kila mtu alikisahau, au alijifanya kakisahau. Juzi mama mdogo aliyebaki kijijini alipiga simu kutujulisha habari za huko, na katikati ya mazungumzo akasema ameanika michembe juu yake. Anasema lile bati jeusi linashika joto balaa, viazi vinakauka upesi kuliko juu ya jabali, na jioni anakunja vipande viwili tu juu ya cha tatu, kuku hawafiki.

Mjomba hajaenda kukichukua. Nilipomuuliza jana akasema ana kazi nyingi, labda michembe ikiisha.